Farasi Aliyemzoea Baba Kupita Kiasi

Baba alirudi nyumbani kutoka hospitalini upande mmoja wa mwili ukiwa umelegea, na kitu cha kwanza alichotaka kukiona hakikuwa mama, wala mimi, wala kahawa yake iliyokuwa imeanza kuiva. Alitaka kumwona farasi. Kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya maneno mengi, na hilo lilikuwa mojawapo. Alinyoosha tu mkono wake mzima kuelekea nyuma ya migomba, kule chini kwenye uzio, akaendelea kuunyoosha mpaka kaka yangu akachoka kujifanya haelewi.

Kwetu Nkoaranga, juu mlimani, watu hawafugi farasi. Wanafuga ng'ombe mmoja au wawili wa bandani, mbuzi na kuku. Lakini baba alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye shamba moja huko chini, upande wa Usa River, ambako wageni walikuja kupanda farasi. Mwaka aliostaafu, farasi jike mmoja alikufa akizaa, na mwenye shamba hakuwa na muda wa kulea yatima. Baba akaomba apewe yule mtoto wa farasi, akampandisha mlimani kwa pikapu, akamnywesha maziwa kwa chupa. Mama alikuwa akisema hata sisi watoto wake hatukulelewa hivyo.

Farasi yule alikua akidhani na yeye ni mtu. Alipokuwa mdogo, kuingiza kichwa kwapani mwa baba na kumpekua mifuko kutafuta maganda ya ndizi lilikuwa jambo la kuchekesha. Alipokuwa mkubwa, mwenye kifua kama mlango, aliendelea kufanya vilevile. Baba alikuwa na nguvu, akimsukuma kwa bega huku anacheka. Sisi wengine hatukuingia ndani ya uzio wake kabisa.

Siku ile ya kurudi, tulipomfikisha baba getini na kulifungua, farasi alikuja mbio. Hakuwa na ubaya wowote. Alifika, akaweka kichwa kwenye kifua cha baba na kusukuma, kama alivyozoea. Nilimshika baba kwa mkanda, kaka akamdaka kwa nyuma, na sote watatu tukabanwa kwenye nguzo. Baba alikuwa anacheka kwa nusu ya uso iliyobaki. Kaka hakucheka. Alipokwisha kumwegemeza baba pembeni, aliokota fimbo, akamchapa yule farasi puani, akamchapa tena na tena, mpaka farasi akakimbilia kona ya mbali. Baba alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, sauti ya mtu aliyeitwa akashindwa kuitika.

Kaka anaishi mjini, Themi, na siku hiyo hiyo kabla ya kushuka alituambia mimi na mama kwamba atamtafutia yule farasi mnunuzi. Alisema masika yakiisha atamwondoa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameshika mwili wa baba mikononi na kuusikia ulivyokuwa mwepesi.

Baada ya kipigo kile farasi akawa na tabia mbili. Mtu asiye na kitu mkononi, alimvamia kama zamani. Mwenye chochote kinachofanana na fimbo, alimtolea weupe wa macho na kumgeuzia makalio, tayari kurusha teke. Na baba sasa alikuwa anatembea kwa mkongojo.

Nilikuwa nashona nguo Kikatiti. Nikamwachia mwenzangu cherehani na kurudi nyumbani, kwa sababu mama peke yake hakuweza kumzuia baba. Kila asubuhi alishuka kwenda kwenye uzio. Tulifunga geti kwa waya, nikamkuta anauzongoa kwa vidole vya mkono mmoja, taratibu, jasho linamtoka. Nikajua ipo siku nitachelewa.

Ndipo nikaenda kule shambani alikofanya kazi, nikamwulizia mama mmoja wa Kichaga aliyekuwa mwenzake wa miaka mingi, ambaye kazi yake ilikuwa kufunza farasi wachanga. Alikuja siku yake ya mapumziko, kwa bodaboda. Alimsalimia baba shikamoo, akakaa naye kitambo, kisha akashuka kwenye uzio akiwa na kamba tu.

Farasi alimjia kama alivyomjia kila asiye na fimbo. Yule mama hakurudi nyuma wala hakupaza sauti. Aliitikisa kamba kidogo, karibu na ardhi. Farasi akaendelea kuja. Akaitikisa zaidi. Farasi akasimama, masikio mbele, kama mtu aliyeulizwa swali ambalo hajawahi kuulizwa. Papo hapo yule mama akaiacha kamba ilegee, akashusha mabega na kutazama pembeni.

"Akikupa nafasi, na wewe mpe," aliniambia. "Ukiendelea kumsumbua baada ya kusimama, hatajua ulitaka nini."

Alinionyesha pia jinsi ya kumrudisha nyuma kwa ncha za vidole kifuani, bila kusukuma kwa nguvu, kumgusa tu na kungoja mpaka uzito wake uhame, halafu kuondoa vidole mara moja. Aliniambia chakula kisitoke tena mkononi mwa mtu, kiwekwe kwenye beseni. Kuhusu mkongojo, alisema niulaze chini auzoee, kisha niushike, kisha nimkune nao shingoni siku atakapokubali. Nikamwuliza kama itawezekana kabla ya masika kuisha. Akasema hajui, na kwamba ingekuwa rahisi zaidi kama asingepigwa.

Asubuhi ya kwanza nikiwa peke yangu, nilisahau yote. Nilitikisa kamba kwa woga, kidogo mno, na farasi akanijia, akanibana kwenye nguzo kwa ubavu wake. Sikuweza kuvuta pumzi. Mkono wangu ulikuwa umeshika ufito wa uzio, na nusura niung'oe nimpige nao. Nilimwona kaka akilini, nikamwelewa. Kisha nikauachia ufito, nikambonyeza mbavuni kwa vidole, nikaendelea kubonyeza, huku nikijilazimisha kutoa ile pumzi kidogo niliyokuwa nayo. Akasogeza kwato moja. Nikaondoa vidole. Akasogeza nyingine. Nilipotoka pale nilikaa chini kwenye mibuni nikajipangusa matope, na mama aliponiuliza nikamwambia nimeteleza kwenye matope.

Tuliendelea hivyo siku kwa siku, katika mvua nyembamba ya mlimani. Alianza kusimama nikiinua kiganja. Alianza kuunusa mkongojo uliolala kwenye nyasi, kisha akawa hakimbii nikiuokota. Halafu, nilipodhani tumefika, akarudi kama alivyokuwa: akanisukuma begani, akanipekua aproni. Kesho yake ikawa vilevile. Sikuelewa nimekosea wapi, na mvua zilikuwa zinapungua.

Jibu nililipata nikitoka mferejini kuchota maji. Nyuma ya migomba, mahali ambapo dirisha la jikoni halionyeshi, baba alikuwa ameegemea uzio na mfuko wa maganda ya ndizi. Alikuwa anamlisha moja moja, mkono mzima umepita katikati ya fito mpaka begani, na farasi amebandika uso kwenye uso wake.

Nilitua ndoo. Kumwambia baba yangu aache ni jambo ambalo sijalelewa kulifanya. Nilimwamkia, nikapiga magoti kwenye nyasi zilizolowa ili nisimsemeshe nikiwa juu yake.

"Baba, ukimlisha mkononi, anarudi kukusukuma. Akikuangusha, kaka anamwondoa."

Alinitazama. Mdomo wake ulihangaika kutafuta.

"Wangu," alisema.

"Ni wako, baba. Ndiyo maana nakuomba wewe."

Aligeukia upande mwingine, na nikadhani nimemvunjia heshima. Farasi alikuwa anamgonga begani kwa pua, akidai. Mwishowe baba aliondoa bega. Alinipa mfuko bila kunitazama, akapanda kurudi nyumbani kwa mwendo wake wa kuburuza mguu, na siku ile hakula mchana.

Kaka alipanda nyumbani Jumapili moja baada ya ibada, jua limewaka, akasema mnunuzi yuko tayari. Baba alimsikia. Alisimama, akashuka kwenye uzio sisi tukiwa bado tunabishana, na tulipomfikia alikuwa amekwisha fungua geti na kuingia. Kaka alitaka kumfuata. Nilimshika mkono nikamwomba asiingie na haraka ile. Alikubali, lakini nilisikia anavyopumua.

Farasi alimwona baba, akaanza kuja. Hapo ndipo nilipoona kosa ambalo sikuwahi kulifikiria. Nilimfunza kusimama kwa kiganja kilichoinuliwa. Baba alikuwa na mkono mmoja tu unaofanya kazi, na ndio ulioshika mkongojo. Akiuinua, anaanguka. Farasi alikuwa anatembea kwa kasi, na nilikuwa mbali mno.

Baba hakuinua chochote. Aliuburuza mkongojo kwenye nyasi, kushoto, kulia, taratibu, jinsi kamba ilivyotikiswa karibu na ardhi. Kumbe siku zote za mafunzo alikuwa anatutazama, mimi na farasi, kutoka kwenye migomba. Farasi akapunguza mwendo. Akasimama, si mbali sana, lakini akasimama. Baba akautuliza mkongojo na kutazama pembeni.

Ndipo pikipiki iliyokuwa inapanda barabarani ikapiga mlio kama risasi. Farasi akaruka. Kaka alikwisha niponyoka, yuko ndani, anakimbia, na mimi nyuma yake. Lakini farasi alikuwa ameruka kuelekea upande wa pili, mbali na baba, akazunguka na kusimama huko akikoroma. Baba aliyumba, akajizuia. Kaka akasimama katikati ya njia, mikono imenyooshwa kumdaka mtu ambaye hakuanguka.

Baba aliacha farasi atulie. Kisha akamwendea mwenyewe, hatua zake ndogo, na farasi akamngoja bila kusogea mpaka baba akamwegemezea paji la uso shingoni.

Kaka alitoka nje ya uzio akampigia simu mnunuzi kumwambia asije. Alizungumza ameipa nyumba mgongo, na aliporudi aliuliza tu kama geti lile halihitaji komeo jipya. Mchana mama alitupakulia loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa mgando. Nilipojaribu kuinua bakuli langu, lilienda upande na maziwa yakamwagika mezani, ikabidi nilitue. Mama aliyapangusa bila kuniuliza kitu, akanishikia bakuli mpaka nikaweza kunywa.