Makopo ya Ngano Dirishani Huruma

Jirani yangu wa zamani, wa mlango wa pili kule mtaani Huruma, jijini, amefariki, na Jumamosi tumemzika kwao magharibi. Alikuwa msaidizi wa maabara tu katika kituo cha utafiti wa mbegu, na redio haikumtangaza. Wasomaji wangu mnisamehe, leo naandika na hasira.

Miaka ile ya sabini alipanda ngano kwenye makopo ya mafuta ya kupikia, akayapanga dirishani, kila kopo na aina yake. Sote tulimcheka. "Jirani, shamba hili litatoa chapati ngapi?" nilimtania. Akanieleza kwamba anachunguza kutu ya majani, ile kuvu ya kahawia inayowamalizia wakulima ngano. "Wakubwa wanadhani kutu ni moja," alisema. "Ni nyingi, ndugu yangu! Kwa macho huwezi kuzitofautisha, lakini vinasaba vyake ni mbalimbali. Hii inaishinda mbegu hii, ile inaishinda ile. Naipaka kwenye kila kopo, halafu majani yenyewe yananiambia ni ipi." Na Huruma aliichagua kwa akili: hakukuwa na shamba la ngano karibu, kwa hiyo hakuna kutu nyingine ambayo ingepeperushwa na upepo imharibie kazi.

Wakati huo mkubwa wake alikuwa ametangaza mbegu mpya isiyoshikwa na kutu yoyote, na alitaka sahihi ya kila aliyeipima kuthibitisha hilo. Jirani yangu alikuwa ameipaka mbegu hiyo kutu kutoka shamba moja la milimani, akawa anangojea. Mara akaitwa matangani nyumbani, akaniachia makopo. "Mwagilia udongo. Majani usiguse."

Hilo la pili nikalisahau. Siku chache baadaye nikaona vumbi la kahawia kwenye majani, na vumbi la Huruma nalijua mimi! Nikachukua kitambaa chenye maji, nikapangusa jani moja moja, yaliyokataa kutakata nikayang'oa. Nikajisifu kwa ujirani mwema. Aliporudi alitazama makopo, akakaa kitandani. "Umenipangusia ushahidi," alisema taratibu. Lo! Niliona aibu mpaka leo ninayo.

Sahihi ilitakiwa kesho yake. Nikamsihi akubali tu, ana watoto watatu. "Vidoa niliviona vikianza kabla sijasafiri," akanijibu. "Sasa niseme sikuviona?" Akaenda mikono mitupu, akakataa. Wiki hiyohiyo akahamishiwa stoo kupanga chupa. Hakunyamaza. Aliipaka upya mbegu ile kutu ya milimani aliyokuwa ameibakiza kwenye bahasha, na majani yalipochafuka akaliweka kopo juu ya meza ya mkubwa. Akaamriwa alitoe. Misimu michache baadaye mbegu ile ikaliwa na kutu mashambani, wakulima wakalia, na hakuna aliyemwita kutoka stoo. Kuvu hubadilika kila uchao, lakini wakubwa wetu wakishasema neno wamesema.

Basi Jumamosi, kaburini, ikasomwa barua ya kituo: marehemu alikuwa "mtumishi mtiifu". Nikasimama mbele ya mchungaji na watu wote. "Hakuwa mtiifu! Aliambiwa atie sahihi uongo, akakataa!" Mjane wake akapaza sauti kutoka kitini: "Waambie, shemeji!"

Nami nawaambia. Siku mtakapoletewa karatasi ya uongo, kataeni, hata kama hamna cha kuonyesha ila macho yenu wenyewe. Mtapelekwa stoo. Nendeni.