Dungu la Mama

Jumatano, saa nane na robo mchana, feni ya mama ilisimama. Umeme wa luku ulikuwa umeisha. Mama anaumwa moyo, na joto likizidi chini ya bati letu, pumzi humkatika hata kusema humwia taabu.

"Msinunue tena," akasema kwa shida. "Hela iliyobaki ni ya huyu binti yangu, ya kambi ya shule ya kujiandaa na mtihani."

Nikalia. Bibi, mama yake mama, alikuwa anampepea kwa kanga.

"Mwanangu, acha kulia, nisikilize. Nakumbuka mimi msichana kama wewe, kule Mkongo, mama yangu alishikwa na maradhi kama haya. Tukamfungia ndani, tukiona haya watu wasimwone anavyohema. Akaja mjomba wangu Seifu kutoka shamba. Mtu wa maneno machache, lakini yule! Akasukuma mlango: 'Mnamficha mgonjwa, au mnamwoka?' Akambeba mgongoni mpaka kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo tunacholindia mpunga. Sakafu ya fito, upepo unapita chini, unapita ubavuni. Alasiri mama akaomba uji mwenyewe! Watu wakacheka, eti dada yake kawa kima wa kukaa juu. Mjomba akawaambia, 'Pandeni nanyi, mikia mnayo.'"

Mama akacheka, akakohoa, akacheka tena.

"Basi shika haya, mwanangu. Dawa anywe, kliniki aende. Dungu si daktari. Ila mchana tumtoe chini ya bati, tumjengee hapo mbele penye upepo, hata kama ndipo wanapopita watu. Umeme kidogo tutakaomudu kununua tuuweke kwa ajili ya usiku. Usimwonee haya mgonjwa wako, wala usione haya kumwombea msaada. Mungu akupe ulimi mwepesi, na mama yako ampe pumzi ndefu."

Bibi ananijua. Mimi huzunguka nyuma ya nyumba ili nisipite mbele ya wanaume wanaocheza bao.

Alhamisi asubuhi nilipita mbele yao, nikasimama. "Shikamooni." Nikasema mama yangu anaumwa moyo, joto linamtesa, tunaomba fito na watu wa kutujengea dungu.

"Dungu hapa Kibiti?" mmoja akauliza. "Mpunga wenyewe uko wapi? Mtalinda nini?"

"Mama," nikamjibu, na sikuondoka mpaka alipoinuka kufuata panga lake la kukatia fito.