Bakuli la Mahindi ya Jael

Wifi yangu Jael aliyachukua mahindi, ambayo huku Kakamega yamejaa mpaka nyani wanachagua, akayageuza kuwa jambo la kuagizia vitu Kisumu. Mimi ni dada ya mume wake, Hezekiah, na upuuzi huo niliushuhudia kwa macho yangu. Kwa hiyo nikimsema, sisingizii.

Ugonjwa wenyewe ulimpata kazini. Alikuwa akipiga taipu kwenye mradi wa mbegu za mahindi, na mkubwa wa mradi alikuwa Mmarekani aliyekaa Milimani na mkewe, mwanamke mrefu wa kucheka ovyo aliyeitwa Dona. Siku moja Dona aliwaalika wafanyakazi wote kwake, akawawekea mezani bakuli moja kubwa la mahindi mabichi yaliyopikwa kwa jibini na pilipili, moto, yanavutika kama ulimbo. Akasema ni mapishi ya Meksiko, ya kula mkiwa wengi. Sahani hakuna. Kila mtu anashika kipande kikavu cha chapati ya mahindi, anachovya, anakula, anachovya tena. Jael hakushangazwa sana na chakula. Mume wa binti yake Dona alikuwa amekuja kutembea, na kijana huyo alisimama bega kwa bega na mama mkwe wake, wakichovya bakuli moja, wakisukumana mikono na kucheka.

Jael alikuja kunisimulia akiwa ameshika kifua.

"Mulamwa," akaniambia, maana ndivyo mawifi tunavyoitana huku, "mtu na mkwe wake! Bakuli moja!"

"Hao ni wazungu," nikamjibu. "Hata mbwa wanalalanga nao kitandani."

Nilidhani yameishia hapo. Kumbe mwenzangu alikuwa ameyaandika moyoni. Wazungu waliporudi kwao, Jael alianza kupika takataka ile nyumbani kwa kaka yangu. Mahindi aliyachoma kwenye jiko mpaka yakapata madoa meusi, kisha akayapukuchua kwa kisu. Mahindi yaliyokwisha kuchomwa, ambayo mtu mwenye akili angeyatafuna hapo hapo na kwenda zake! Maziwa lala aliyachuja kwa kitambaa mpaka yakawa mazito. Mayai aliyapiga kwa uma pamoja na mafuta ya kupikia, tone kwa tone, mkono ukimwuma, mpaka yakawa kitu cheupe cha kuteleza ambacho mimi nisingempaka hata punda kidonda. Jibini ilitoka Kisumu, imefungwa kwa gazeti, akaihifadhi karibu na mtungi wa maji ili isiyeyuke. Kwa kuwa hakuwa na kifaa cha kuikunia, alitoboa mkebe wa mafuta kwa misumari. Akachanganya vyote na kitunguu, dania, pilipili na maji ya ndimu, akafunika sufuria, akaweka makaa juu ya kifuniko. Chapati nazo, ambazo zilikuwa zimeiva vizuri, alizikata pembe tatu akazikaanga upya, kama mtu anayefua nguo safi.

"Hii inakuliwanga moto," alikuwa akituamrisha kwenye chama cha akina mama. "Ikipoa inaganda."

Akina mama walichovya kwa adabu, wakatazamana, kisha wakauliza chakula kiko wapi. Nilicheka mpaka nikatoka nje. Mtu hajala obusuma, ugali wenyewe, unamwambia ameshiba kwa kuchovya? Lakini Jael hana aibu. Kila ubatizo, kila mtu akiagwa kazini, utamwona anakuja na bakuli lake limefungwa taulo, amebeba kichwa juu kama mke wa waziri.

Kisha Wendy akapata mchumba. Wendy ndiye mtoto pekee aliyebaki kwa Jael, wengine wawili tuliwazika wadogo. Kijana aliitwa Philemon, kwao Khwisero, na alifanya kazi kwenye shamba la chuo kule Bukura. Walipendana kweli, hilo hata mimi sikuwa na la kulitilia sumu. Ikapangwa siku ya wazee wa Philemon kuja kuzungumza, na mimi, nikiwa senje wa binti, yaani shangazi yake, nilipewa jiko. Jogoo walichinjwa. Firigisi niliiweka kando kwa ajili ya mzee Ambani, baba mkubwa wa Philemon, ambaye ndiye angekuwa msemaji wao.

Siku hiyo asubuhi nikamkuta Jael anakuna jibini kwenye mkebe wake.

"Hiyo ni ya nani?" nikamwuliza.

"Ya wageni. Nataka nikule na mtoto wangu na mume wake."

Nilidhani anatania. Kwetu mtu na mama mkwe wake, sawa na mwanamke na baba mkwe wake, hawapeani mikono, hawaketi kiti kimoja, na kula pamoja ndiyo usiseme kabisa. Jael alijua hayo kama anavyojua jina lake. Siku ya wakwe, mama wa binti anasalimia kutoka mlangoni akiwa amejitanda leso, basi, anarudi jikoni.

"Umerogwa?" nikamwambia.

Akaacha kukuna. "Mulamwa, mama yangu alikuwa akija kwangu anakulia nje, huko nyuma ya jiko, kwa sababu Hezekiah yuko ndani. Alikula nje ya nyumba yangu mpaka akakufa. Mimi Wendy ndiye niko naye peke yake. Mimi sitakula nje. Na Philemon amesoma, ataelewa."

"Amesoma kupanda nyasi za ng'ombe," nikamjibu, nikaenda zangu kuangalia kuku.

Wageni walikuja, wakaketi, wakasalimiwa. Nilikuwa nachota mchuzi nilipomwona Jael akipita mlangoni na taulo lake. Nikamfuata mbio nikiwa na mwiko mkononi, lakini nilichelewa. Alikwisha kuliweka bakuli mezani mbele ya Philemon, likitoa mvuke. Akachukua kipande, akachovya, akala pale pale mbele ya wanaume wote.

"Karibu, mtoto wangu," akasema. "Chovya."

Maskini kijana alimtazama Wendy. Alimtazama mzee Ambani. Alilelewa kutomkatalia mama chakula, na alilelewa kutokula na mama mkwe, na hakuna aliyemfundisha afanye nini vyote viwili vikimkuta pamoja. Akachovya. Jibini ikavutika kutoka mdomoni mwake mpaka kwenye bakuli, uzi mrefu mweupe, na Jael akacheka, akaukata kwa kidole chake.

Ambani akachukua kofia yake. "Kijana amekula na mama mkwe wake, na sisi tunaona," alisema. "Hapa hakuna mazungumzo." Wakatoka mmoja mmoja. Kuku wangu hawakuguswa, na hilo mpaka leo sijalisamehe.

Wendy alilia mpaka akakonda. Hakumtukana mama yake hata mara moja. Kaka yangu Hezekiah, mwanamume mzima mwenye ofisi na mwavuli, alisema, "Tungoje tuone." Ndivyo alivyo tangu utotoni, hata nguo zikinyeshewa kwenye kamba angengoja aone.

Mwishowe Ambani alileta neno. Achinjwe kondoo kuondoa ule uchafu, na Jael asikanyage ndani ya nyumba ya Wendy wala asile chini ya paa lake, maisha yake yote. Kwa kawaida mama mkwe anaweza kufunguliwa mlango siku moja, wakishapeana zawadi zao. Kwake yeye usifunguliwe kamwe. Niliona ni ukatili, lakini nikajiambia amejitakia.

"Nimekubali," Jael alisema kabla Hezekiah hajafungua mdomo. "Chukueni kondoo. Wendy aolewe."

Wakaoana. Mtoto wa kwanza alipobatizwa, tulikwenda Khwisero. Wageni walikuwa wengi, na Philemon alikuwa amealika wenzake wa Bukura, kwa hiyo Wendy alimwomba mama yake apike yale mahindi. Jael akayapikia nje, karibu na tangi la maji, makaa juu ya kifuniko kama kawaida. Mimi ndiye niliyeingiza bakuli ndani.

Ambani aliuliza ni nini. Nikamwambia ni mahindi. Akachovya kidogo. Akachovya tena. Halafu mzee mzima akalisogeza bakuli karibu na tumbo lake, na Wendy, mke wa mtoto wake, akaja na kipande chake akachovya hapo hapo, na Ambani akamsukuma mkono kwa mzaha, wakacheka. Hakuna aliyechukua kofia.

"Mzee," nikasema, "unakula na mke wa mtoto wako."

"Siku hizi mambo yamebadilika, mama," akanijibu, jibini kwenye ndevu.

"Basi nimwite Jael aingie."

Akafuta mdomo. "Huyo alikatiwa neno."

Nimewadharau watu wengi katika maisha yangu, na Jael nilimdharau kwa miaka. Lakini mzee yule nilimdharau kuliko wote. Nilimwambia ana mdomo wa ng'ombe, unaokula popote na kusahau. Kisha nikatoka nje.

Jael alikuwa ameketi juu ya jiwe, anakula obusuma na mboga kwenye sahani ya bati.

"Wamekula?" akaniuliza.

"Wamemaliza. Ambani anafuta bakuli kwa kidole."

"Uliipeleka ikiwa moto?"

"Moto."

Akatafuna kidogo. "Na Philemon alicheka?"

"Alicheka sana," nikamwambia, ingawa Philemon sikuwa nimemtazama. Akanawa mikono, akaanza kusugua sufuria.