Mtu Aliyeitaka Namba Mbovu

Hou Cailian alikuwa na saluni pale Datong, karibu na geti la kusini la kiwanda cha zamani cha injini za treni, na hakuwa mtu wa kuamini ovyo. Zamani aliamini. Aliamini mpaka binamu yake mwenyewe alipomuuzia godoro la sumaku lililosemekana linatibu mgongo, akamshawishi awauzie na wateja wake, kisha akahama mji na simu akazima. Wateja walikuwa wamenunua kwa ajili ya Cailian, si kwa ajili ya godoro. Wengine hawakurudi tena. Tangu hapo, mtu akimsalimia tu, Cailian alitazama kwanza mikononi kashika nini.

Ndiyo maana watu walimshangaa aliponunua injini ya kwenye simu.

Ulikuwa msimu ule ambao vijana kwa wazee walikuwa wakigombania picha za kidijitali. Kampuni moja ya huko kusini ilitoa picha ya injini ya mvuke, ile nyeusi yenye magurudumu mekundu iliyokuwa ikiundwa hapohapo Datong, ikizunguka kwenye kioo cha simu huku inatoa moshi. Picha ilikuwa moja, ila zilitolewa nakala elfu nane na kila nakala ikapewa namba yake. Unalipa kwanza, halafu programu inakuchagulia namba. Hapo ndipo palipokuwa na utamu. Aliyeangukiwa na namba moja alipigiwa simu na watu asiowajua. Aliyepata nane tatu za kufuatana aliweza kuiuza siku hiyohiyo akanunua pikipiki, maana nane kwa matamshi ya huko inakaribiana na kutajirika. Namba za kawaida, picha ileile, moshi uleule, bei yake ilikuwa ya bakuli chache za tambi.

Aliyemvuta alikuwa Fan Guizhi, rafiki yake tangu shuleni, mteja wa kila Jumamosi.

"Baba yako kafia kwenye kiwanda kile akichomelea hizo injini," Guizhi alimwambia. "Wewe usipokuwa nayo hata moja, nani awe nayo? Lipa tu. Bahati haina mwenyewe."

Cailian akalipa. Programu ikazungusha zungusha, ikatoa 2474.

Saluni nzima ikaangua kicheko. Nne, kwa matamshi ya huko, ni kama kutaja kifo.

"Umekufa mara mbili," Guizhi akasema huku anajifuta machozi. "Hapo katikati ulifufuka kidogo."

Cailian naye akacheka, lakini moyoni akajiambia haya ndiyo malipo ya kufuata mkumbo. Akaizima simu akaendelea kupaka rangi nywele za mtu.

Wiki haikuisha, ukaja ujumbe ndani ya programu kutoka kwa mtu aliyejiita Moshi Mweupe. "Dada, naomba uniuzie namba 2474. Taja bei yako."

Aliusoma akasimama. Kwenye soko la programu kulikuwa na mamia ya injini zinauzwa, nyingi zina namba nzuri kuliko yake. Akaandika, "Kwa nini hii?"

"Naipenda tu."

"Hakuna anayependa nne."

Jibu lilichelewa. Kisha: "Mimi naipenda."

Cailian akamwonyesha Guizhi. Guizhi alikuwa na kichwa kimejaa makaratasi ya rangi, lakini macho yalimtoka. "Usiuze. Huyu anajua kitu. Lazima yumo ndani ya kampuni. Kesho watatangaza hiyo namba imeshinda gari, utabaki umeshika mkasi wa saluni."

"Au ananitegea mtego," Cailian akasema. "Nikikubali ataniletea mahali pa kubonyeza, nikibonyeza hela yote ya benki imekwenda."

"Au vyote viwili."

Wakamtegea wao. Cailian akamwandikia yule mtu kwamba ana rafiki mwenye 2666, namba tamu kabisa, maana huko sita ni mambo kwenda vizuri, anaiuza kwa bei ya bure. Mchuuzi yeyote angeirukia. Moshi Mweupe akajibu, "Ahsante dada. Hiyo siitaki. Naitaka 2474."

Hapo ndipo hofu ilipomwingia sawasawa. Mtu mwenye tamaa Cailian alimjua, alikwisha kumwona na alijua anavyozungumza. Mtu asiye na tamaa alikuwa hamjui. Akawa anaifungua ile picha kila akipata nafasi, anaikuza kwa vidole, anakagua magurudumu, anakagua kibao kidogo chenye namba ubavuni mwa chumba cha dereva, kana kwamba kuna kitu kimefichwa mle. Hakuona kitu. Akazidi kushuku.

Guizhi naye hakuuchunga mdomo. Akalitaja jambo hili kwenye kundi la wakusanyaji, na kabla ya chakula cha mchana watu wakaanza kununua 2473 na 2475, wakisema kuna siri eneo lile. Wawili wakamwandikia Cailian kumtaka awauzie. Mmoja akamtukana alipokataa. Moshi Mweupe akaandika kwa mara ya kwanza kwa ukali: "Dada, sasa umeanza kutangaza? Kama unajua ni ya nini, sema. Usinichezee."

"Nijue nini?" Cailian akajibu. "Ukiitaka kweli, njoo Datong. Saluni kwangu, mchana, watu wakiwepo. Kama wewe ni mtu."

Alidhani amemfukuza. Kesho yake, mzee mmoja mrefu mwenye koti la bluu la reli, lililopauka mabegani, akasukuma mlango akasimama kwenye kizingiti.

"Nimetoka Jining kwa treni," akasema. "Jina langu Jiao Tianbao. Wewe ndiye mwenye mbili nne saba nne?"

Wanawake waliokuwa wakisubiri wakageuka. Guizhi, ambaye hiyo haikuwa siku yake lakini alikuja makusudi, akavuta kiti karibu.

Cailian alimmiminia chai. Mzee akaitazama, hakuigusa. Cailian akaona, na ajabu yake, hilo likamtuliza kidogo. Kumbe naye anaogopa.

"Kaa kwenye kiti," akamwambia. "Nywele zako zimefika masikioni. Kwangu haketi mtu bure."

Mzee akakaa. Cailian akamfunga kitambaa shingoni, akachukua mkasi. Alikuwa ameona kwa miaka kwamba watu wakitazamana na sura zao kwenye kioo, uongo huwapa tabu.

"Fundi Jiao," akaanza, maana koti lile lilimpa haki ya kuitwa fundi, "niambie kwa nini."

"Nikikuambia utapandisha bei."

"Usiponiambia siuzi."

"Basi tumefika mwisho wa reli."

"Tumefika. Inamisha kichwa."

Mkasi ukafanya kazi yake. Nywele nyeupe zikaanguka kwenye kitambaa. Mwishowe mzee akazungumza, si na Cailian, bali na yule mzee mwenzake aliyekuwa kwenye kioo.

"Niliiendesha mimi. Ya kweli. Mbili nne saba nne. Nilianza nikiwa mtia makaa, nikamalizia nikiwa dereva. Wenzangu walikuwa hawaitaki kwa sababu ya hizo nne, basi wakaniachia mimi, kijana. Haikunifia hata siku moja. Kupanda mlima na shehena ya makaa, theluji mpaka kwenye ekseli, inapumua tu."

"Sasa iko wapi?" Cailian akauliza.

"Waliikata. Mvuke ulipositishwa, waliniahidi kwamba siku ya kuikata nitaitwa, na kile kibao cha shaba chenye namba nitapewa mimi. Nikalazwa hospitali, kibofu. Nilipotoka, nikakuta vipande. Nikauliza kibao. Mwenzangu niliyekula naye sahani moja akaniambia kimeyeyushwa. Baadaye nikasikia alikiuza kwa mgeni mmoja mkusanyaji, kikavuka bahari. Nimekitafuta. Mtu akisema anacho, nakwenda. Mara mbili wameniuzia cha bandia. Cha pili hata namba waliiandika kwa rangi."

Ndipo Cailian akaelewa kwa nini hakunywa chai.

"Mjukuu wangu ndiye aliyenionyesha hizi za kwenye simu," mzee akaendelea. "Akaniambia ziko elfu nane, kila moja na kibao chake. Nikajua na yangu itakuwemo. Nikanunua nne, nikitumaini. Haikutoka. Nikaanza kutafuta nani kaangukiwa nayo. Nikakuona wewe. Halafu unajibu kama mtu anayejua, halafu kundi zima linaizungumzia. Nikasema basi, ni walewale."

"Walewale gani?"

"Wa vibao."

Guizhi akashindwa kuvumilia. "Mzee, hayo mambo ni mazuri mno. Matapeli wa siku hizi wanasoma kabla ya kuja. Tutajuaje?"

Mzee akakunja mkono wa koti. Kuanzia kiwiko hadi kwenye kifundo cha mkono ngozi ilikuwa imekunjamana, nyekundu, yenye kung'aa, kama imewahi kuchemshwa.

"Hata matapeli wanaungua," Guizhi akasema, ila sauti ilikuwa imeshuka.

Fundi Jiao hakubishana. Nywele zilipokwisha alijitazama, akashukuru, akalipa kama mtu mwingine yeyote. Cailian alisubiri aombe, au alie, au ataje bei ya mwisho. Hakufanya lolote. Mlangoni aligeuka akasema, "Dada, kama huniuzii, usiwauzie wale wa kwenye kundi. Wataifanya kichekesho." Akaenda zake kituoni.

"Umeona?" Guizhi akanong'ona. "Huo ndio ujanja wenyewe. Kukuacha ufikiri."

Cailian alifikiri kweli. Alifikiri huku anasuka, huku anakula, huku anasubiri maji yachemke. Kila alipoikaribia ile imani, binamu yake alimjia na sura yake ya upole. Mwishowe akafungua ukurasa wa Moshi Mweupe ndani ya programu, ukurasa ambao mtu yeyote angeweza kuuona na yeye hakuwahi kukumbuka kuutazama. Mle mlikuwa na injini nne. Namba zake zilikuwa hazina kichwa wala miguu, na hakuna hata moja aliyoiweka sokoni. Alijiunga siku ya pili baada ya injini kutolewa. Kabla ya hapo hakuwa amenunua chochote, si picha ya simba, si ya nyota, si ya kikombe cha kale.

Hakumpa mzee namba ile kama zawadi. Wema wa kupitiliza, kwa Cailian, ulikuwa na harufu ya lile godoro la binamu. Alimuuzia kwa bei ileile aliyoinunulia, bila kuongeza hata senti, na aliyekuwa wa kwanza kumwita mjinga ni Guizhi.

Wala msidhani alipata amani. Tangu siku ile alikuwa akifungua soko la programu kila asubuhi kabla ya kufungua mlango wa saluni, akiandika 2474 kwenye kisanduku cha kutafutia. Alitaka kumkamata. Uvumi wa kundi ulipopandisha bei ya namba zile za jirani, alijiambia leo ndiyo leo, mzee ataiuza. Hakuiuza. Uvumi ulipopoa, bei zikaporomoka, akajiambia sasa atashikwa na hofu. Namba haikutokea sokoni. Baridi ikaingia, mabomba ya joto yakaanza kugonga ukutani, na Cailian akajikuta anatafuta bila kujua tena anatumaini kuona nini.

Kisha kampuni ikatangaza kwamba inafunga. Picha zote zitaondolewa mwisho wa mwezi, samahani kwa usumbufu. Kwenye kundi pakawa msiba. Aliyekuwa na nane tatu alizitangaza kwa bei ya kikapu cha mayai na hakupata mnunuzi. Guizhi, aliyekwisha kununua injini saba kimyakimya, hakutaka swali lolote.

Cailian akamwandikia mzee. "Fundi Jiao, umesikia wanafunga?"

"Nimesikia. Hii ni mara ya pili wananikatia hii injini."

Cailian akaanza kuandika neno la pole. Kabla hajamaliza, ukaja ujumbe mwingine: "Usisikitike, dada. Mara hii nitakuwepo."

Siku chache kabla ya Mwaka Mpya wa kalenda ya huko, wakati saluni imefurika kwa sababu kukata nywele mwezi wa kwanza ni mwiko, mlango ukasukumwa na koti la bluu likaingia, limebeba mfuko wa jibini kavu ya Jining. Guizhi alimwona kwanza kwenye kioo.

"Huyu naye," akasema chini kwa chini. "Programu imekufa, namba hakuna. Safari hii anataka nini?"

"Nywele zimefika masikioni," Cailian akasema, akampangusia kiti kwa kitambaa.

Fundi Jiao akaketi. Chai ilipokuja aliinusa, akaitazama kidogo, kisha akanywa.