Mapipa Juu ya Kichwa ya Koko

Koko yangu, mama ya baba yangu, alikuwaka ananiita "bwana yangu." Kwetu Uvira njo vile: mujukuu mwanaume ni bwana ya koko yake, kwa mchezo, na weye unapashwa kujibu vile bwana anajibu. Nilikuwa bado kadogo, kamasi inatoka, ananituma kuni: "Bwana yangu usichelewe, muke yako anasikia baridi." Na minye najibu: "Nani alikupa ruhusa ya kuzeeka bila kuniuliza?" Anacheka mpaka anashika mbavu.

Ilikuwa mchezo tamu. Kisha ikaja mwaka moja, nyuma kidogo ya uhuru, mchezo ikageuka kazi.

Ule mwaka mvua ilikataa kuisha na ziwa ikapanda. Ilikula kwanza muchanga kwenye bamama banaanikaka ndagala, zile samaki ndogo. Ikakula njia ya chini. Kisha tukaamka, migomba ya bantu imesimama ndani ya maji mpaka shingoni, na samaki inapita katikati yake polepole kama mugeni anayetembezwa shamba. Tulikuwa tunashuka asubuhi, bakubwa na batoto, tunasimama tu. Ziwa ilikuwa inapumua pale ku miguu yetu, na uko unajiuliza: hii kitu tuliishi pembeni yake siku zote, tulifikiri tunaijua?

Nyumba ya koko iko Kimanga, juu kidogo, maji ya ziwa haikufika. Maji ya mbinguni njo ilifika. Majani ya paa ilikuwa imeoza yote. Ukilala chali unahesabu mawingu. Na ukuta yake ni matofali ya udongo yenye haikuchomwa. Mvua ikiingia kwa juu, ile ukuta inakumbuka kwamba zamani ilikuwa matope. Kona moja ilikuwa imeanza kuteremuka, kama bugali ya muntu mwenye hajue kupika.

Kulowa haikukuwa shida ya koko. Babu amezikwa nyuma ya ile nyumba, karibu na muti ya ndimu. Kila asubuhi, mbele ya kunawa uso, koko alikuwa anaenda kumusalimia, anamupasha habari za watu, na za mutaa, na zangu pia, zile mbaya. Ndugu zake ba Makobola balikuwa bamemutumia neno: nyumba ikianguka, uje kwetu, nafasi iko. Balikuwa bantu bazuri. Lakini koko alijua: muzee akihama ku umri ule, harudi. Akienda Makobola, watamuzika Makobola, na babu atabaki peke yake na ndimu.

Basi siku moja niko ku robine ya maji na marafiki zangu, bamama bamejaa na ndoo zao, koko akasimama katikati ya njia, akapaza sauti:

"Weye bwana! Bwana gani analaza muke yake inje? Funika nyumba, ao narudia kwetu!"

Bamama bakapiga vigelegele. "Aah, bwana amepatikana!" Minye nikainama kama bwana wa kweli, nikasema, "Muke yangu, tutaongea nyumbani." Wote bakacheka. Ila nikamuangalia koko mu macho, na macho haikukuwa inacheza.

Baba alikuwa mbali, ku mugodi. Mama alikuwa anashinda ku ndagala zake. Bwana ilibaki minye tu.

Majani mupya haikukuwa. Yenye kufaa ilikuwa inatoka kule mu bonde ya Ruzizi, Kiringye, lakini ule mwaka bonde yenyewe ilikuwa maji, ng'ombe zenyewe zilikuwa zinalia majani. Ikabaki njia mbili.

Ya kwanza, manjanja, zile bati za migongo migongo. Jirani yetu, muzee Muislamu mwenye duka ya nguo, alikuwa ameweka ya mupya. Asubuhi ya kwanza nilitoka inje, jua likatoka ng'ambo ya ziwa, likagonga ile paa, na mwangaza ukaruka mpaka kule juu ku mulima. Kuku wetu alilala chini kabisa. Minye nilibaki na maji ya kunawa mu mukono, inamwagika yote. Sikujua kama nyumba ya muntu inaweza kumujibu jua.

Ya pili, mapipa. Ku depo ya barabara, wazungu balipoenda baliacha mapipa ya lami, mulundo mukubwa, lami imebaki ndani kama masizi ya sufuria. Muzamu, mulinzi ya ile depo, alisema mwenye nguvu abebe. Ukikata pipa, ukiipondaponda mpaka inalala, unapata bati nene, nzito, ya kutisha.

Mama alitaka manjanja. Alikuwa tayari kutoa ndagala zake ili tuipate. Jirani naye alikuwa tayari kutuachia zenye zilibaki kwake, na alikuwa ananicheka: "Kijana, Bi Mukubwa utamulaza mu sanduku ya sardini?"

"Haiko nyinyi mutalala humo," koko akasema. "Leteni nisikie."

Kusikia! Tulifikiri ameanza kupotea. Lakini akasimamia kila kitu mwenyewe. Tukasimamisha miti ine mu lupango, inje ya nyumba, juu yake tukaweka manjanja moja ya jirani. Koko akaingia chini na kiti yake ya kukalia jikoni. Minye nikapanda juu ya kinu na ndoo, nikamwaga.

Mungu wangu. Ile kelele! Koko akatoka mbio, kiti imeshikana na nguo yake.

"Hii inabishana kama bibi harusi mwenye ameolewa jana! Niko ndani, babu yako ananiita, nitamusikia vipi?"

Jirani akasema, "Bi Mukubwa, babu alikufa."

"Kufa, alikufa. Kuongea hajaacha."

Tukaweka pipa moja, imekwisha kupondwa. Nikamwaga. Na pale, siwezi kusema vizuri. Sauti ilikuwa nzito, ya chini, du-du-du, sababu lami ilikuwa inaimeza. Ilikuwa mvua ya zamani, mvua juu ya majani, ile yenye inakulaza. Koko alifunga macho. "Tena." Nikamwaga tena. Mama alikuwa ameleta ndoo ingine bila kuambiwa. Jirani aliacha kucheka. Tulisimama bantu wazima mu jua kali, tunasikiliza mvua ya mwanamuke mumoja.

"Hii," koko akasema.

Nilipiga mapipa mpaka mikono ilikataa kushika kijiko. Mutaa yote haikulala muchana. Bamama balikuwa banapita: "Bwana, muke amekutesa!" Najibu: "Mahari haikuisha!"

Sasa pipa iko na sura mbili: inje ilipakwa rangi nyekundu, ndani lami. Koko akasema nyekundu iangalie juu, ili bantu ba mitumbwi baone nyumba ya muke mwenye iko na bwana. Minye, na masomo yangu yote ya primeri, nikasema ndiyo, itapendeza. Lami ikaangalia chini. Nikagongea misumari, kila musumari na kipande yake ya mupira wa gari chini ya kichwa, maji isipite.

Ilipendeza kweli. Mpaka koko aliwasha moto.

Kwetu bazee banapikia ndani. Mafiga matatu katikati ya nyumba, juu yake kichanja ya kukausha samaki. Moshi ilikuwa inapanda, inapita mu majani, inatoka yenyewe. Hakuna hata mumoja wetu aliwaza kwamba pipa haipitishi moshi, na kwamba lami ikiona moto inafanya nini. Tulikuwa tumekaa tunakula. Tone ya kwanza ikaanguka katikati ya bugali, pwa.

Koko akaiangalia. "Bwana yangu, hii ni muboga gani?"

Ya pili ikamuanguka ku kichwa, ku zile nywele nyeupe kabisa. Akagusa, akaangalia kidole. "Aa. Unanirudisha usichana."

Tulitoka inje tunalia, nusu moshi, nusu kucheka. Mutaa ilikuja kuangalia. Mama alimupakaa koko mafuta ya mawese ku nywele ili lami itoke, na koko anauliza kama haiwezi kubaki kidogo tu, pembeni. Nikapanda juu, nikang'oa yote, nikageuza yote: lami juu, nyekundu ndani. Na chini ya kichwa ya ukuta nikatoboa matundu, moshi ipate njia.

"Nyumba ya kunguru," jirani akasema, na kweli kutoka inje ilikuwa nyeusi ya ajabu. Lakini ndani! Moto ikiwaka, ile nyekundu ilikuwa inatembea juu ya vichwa vyetu kama jua yenye imekosa njia ikaingia kulala kwetu. Nilikuwa naenda kwa koko bila sababu, kuangalia tu. Na mvua ya kweli ilipokuja, kubwa, ya kufunga mulima na ziwa pamoja, hatukupata hata tone. Koko alikaa na mukono ku ukuta, ile kona yenye ilikuwa inateremuka. Ilikuwa kavu.

Kisha uasi ikafika.

Sitaeleza ya bakubwa. Naeleza ya paa. Ndege zilianza kupita juu ya ziwa, na ikasemwa kwamba rubani anaona kwanza chenye kinawaka. Mutaa yote, sababu bengi balikuwa bamefuata jirani na manjanja, ikapanda juu ya nyumba zao na mabeseni ya matope, majani, magunia, kufunika ile mwangaza yenye balikuwa banajivunia. Jirani, na tumbo yake, alikuwa juu anapakaa udongo na mikono miwili.

"Jirani!" koko akamuita kutoka chini. "Unafanya nini kule?"

"Bi Mukubwa, leo hata minye niko kunguru."

Siku ikaja bote tukakimbilia mulima. Nilimubeba koko ku mugongo. Alikuwa mwepesi kuliko pipa, nikamuambia. Akanipiga ku sikio: "Miaka yote hii, njo mara ya kwanza bwana ananibeba." Tulipofika juu, tukageuka. Ziwa yote ilikuwa pale, bluu, kimya, kubwa kuliko vita, na Uvira kando yake kama kitu kidogo chenye mutoto amesahau.

"Unaona nyumba yetu?"

Niliangalia. Nyeusi juu ya nyeusi, sikuona kitu. "Naiona vizuri sana," nikasema.

"Muongo. Ungeiona weye, na bengine bangeiona." Lakini mukono yake haikuacha kunishika shingo.

Tuliporudi, manyumba mengi ilikuwa wazi juu. Manjanja ni nyepesi. Unang'oa, unakunja, unabeba. Nani alibeba? Wenye bunduki, wasio na bunduki, hatukuuliza. Ya jirani ilienda yote, na ukuta wake ulikuwa umeanza ile kazi ya kurudia matope. Alisimama mulangoni mwake, anaangalia juu, kama muntu anatafuta jina yenye ilikuwa ku ulimi.

Minye sikutaka kugeuka upande yetu. Koko njo alinivuta.

Paa ilikuwa pale. Pipa moja tu, ya pembeni, imeinuliwa kidogo. Na chini yake, ku ukuta, alama za mikono. Mikono myeusi ya lami, vidole vyote, imepangusa, imepangusa tena. Ingine ku mulango. Ingine ku muti ya ndimu. Mwizi alikuja muchana, jua imelegeza lami, akashika paa ya koko, na paa ikamushika. Tulifuata ile mikono ku miti ya njia mpaka ku maji, inaisha polepole, kidole kidole.

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Koko hakucheka. Alirudi ku ukuta, akaweka mukono yake ndani ya ile ingine. Ilipotea mule kama ya mutoto.

"Ni kijana," akasema. "Kama weye." Kisha: "Sijui kama alipata mawese ya kuitoa."

Akaenda nyuma kusalimia babu. Alikaa kule sana. Habari zilikuwa mingi.

Mvua ilianza mbele ya magaribi. Jirani akaja na mukeka ku kichwa, muke na batoto nyuma yake, akasimama ku mulango, haya imemujaa.

"Hodi, Bi Mukubwa."

"Karibu mu sanduku ya sardini."

Tukajibana bote chini ya ile nyekundu, moto katikati. Jirani akafungua kinywa, nafikiri alitaka kushukuru. Koko akainua kidole.

"Ngoja kwanza. Babu anaongea."

Na sisi bote, hata jirani, tukanyamaza tukasikiliza.