Miguu ya Obiero na Mahindi ya Seline

Mwaka wa 1996, karibu na Kombewa, Obiero msokotaji kamba za katani alianza kuanguka ovyo. Sio pombe, wala! Nyayo zenyewe zilikataa kuinuka, miguu ikakonda kama fimbo, hadi sokoni wakawa wanamtania, "Mzee, unacheza ama unatembea?"

Mamake, Perez, hakuona cha kucheka. Alimkalia ngumu bibi ya Obiero, Seline.

"Hii ni chira. Ulipanda mahindi kabla yangu."

"Mama, sikupanda."

Kwa Wajaluo mama mwenye boma ndiye hupanda kwanza. Ukimruka, chira, ile laana ya kuvunja mwiko, inakondesha watu wako mpaka kaburini, isipokuwa ukiri, mnywe manyasi, ile dawa ya majani. Perez akakata maneno: Seline akiri, ama arudi kwao Bondo na watoto awaache.

Na haki ya Mungu, Seline hakuwa amepanda! Ili ajitoe lawama, akampeleka Obiero hospitali Kisumu, pamoja na Milka, binti yao wa kwanza.

Daktari Walubengo akamgonga Obiero magoti, kisha akamuuliza, "Babako alikuwa anatembea aje?"

"Kama korongo! Magoti juu. Sisi tulidhani ni maringo."

"Basi umerithi. Wewe ni mtu wa kamba, utanielewa. Ndani ya neva kuna nyuzi za protini, zinashikana vile unasokota katani. Jeni ndiyo inatoa maagizo. Yako iko na kosa, kwa hivyo nyuzi zinatoka mbovu, hazishikani, zinajikunja donge. Neva ndefu, ile ya mguu, inakufa kwanza."

"Kwa hivyo si mahindi?" Seline akauliza.

"Mahindi gani, mama?"

Wee! Seline karibu apige kigelegele. Ameshinda!

"Dawa ni gani, daktari?" akauliza tena.

"Hii haina dawa." Akamgeukia Milka. "Hebu tembea kwa visigino, tuone."

Milka akajaribu huku anacheka. Nyayo zikaanguka sakafuni, pa, pa. Daktari hakucheka.

Walipofika nyumbani Perez alikuwa mlangoni. "Haya, amesema nini?"

Seline akamwangalia Milka. Chira angalau ina dawa.

"Nilipanda kwanza, Mama. Nilikudanganya."

"Seline!" Obiero akashtuka. "Si daktari ame—"

Seline akamfinya mkono asimalize.

"Nilijua tu!" Perez akasema. "Mtoto mkaidi wewe."

"Ni mimi, Mama. Chemsha manyasi. Na Milka apewe kikombe kikubwa."