Gari mbili ndogo za umeme nilizojaribu kwa milima ya Masisi, na ile tuliyobaki nayo

Salamu wakuu, hasa ninyi munaosoma na simu inayokaribia kuzima. Haya yamenipata mimi mwenyewe, siongezi chumvi.

Mimi ni mulimaji wa maharagwe, juu kidogo ya Masisi centre. Mama yangu aliumia nyonga, na kila juma lazima afike hospitali kwa mazoezi ya muguu. Tulikuwa tunamupakia kwa pikipiki, yeye katikati, mimi nyuma namushika. Akishuka analia kimya kimya.

Nilishindwa kuendelea kuona vile.

Kaka yangu mukubwa iko fundi wa magari Goma. Alikuwa na gari mbili ndogo za umeme, zilizokwisha kutumika. Akaniambia, "Jaribu zote, halafu chagua moja."

Ya kwanza: fupi, milango miwili, bei ya chini. Kwa tambarare inakimbia muzuri. Kwa mulima, wakuu, batri inashuka ukiiangalia! Jicho moja kwa njia, jicho moja kwa asilimia. Chini inagonga mawe.

Tena haina kelele, basi ng'ombe hawaisikii. Nilishuka kuwafukuza kwa mikono.

Tulifika hospitali na Mama, lakini roho yangu ilikuwa juu juu.

Ya pili: milango mine, imeinuka, batri kubwa. Mama alisinzia kiti cha nyuma mpaka hospitali. Kwa mutelemuko inajirudishia umeme yenyewe. Tulifika nyumbani na chaji ya kutosha. Nikasema, njo hii, ndiyo yenyewe!

Jioni nikaichomeka. Umeme wa kijiji chetu unatoka kwa turbini ndogo ya mutoni. Taa zikafifia, mashine ya kusaga muhogo ikasimama. Mwenye mashine, Mama Furaha, akakuja na unga kwa nguo.

"Papa Amani, gari yako inakula umeme wa kijiji muzima?"

"Vumilia, Mama Furaha, kesho itakuwa imejaa."

"Na bale banangojea unga, bavumilie pia?"

Nikachomoa. Nikachomeka. Nikachomoa tena. Nilizunguka ile gari kama muntu aliyepoteza funguo, mpaka mama yangu akaniita.

"Mutoto wangu, hospitali ninaenda siku moja. Bantu banakula kila siku. Rudisha hii."

"Na ile fupi haitakuumiza?"

"Pikipiki njo iliniumiza. Ile fupi ilikuogopesha wewe, si mimi."

Nikachomoa mara ya mwisho.

Tuliirudisha ile kubwa. Kaka akainua springi za ile fupi, sasa haigongi sana. Tunaichaji muchana, kidogo kidogo, wakati mashine ya Mama Furaha inapumzika. Mama anakaa mbele, muguu umenyooka, kioo wazi, anapigia ng'ombe kelele kuliko honi.

Juzi alitoka mulango wa hospitali mpaka kwa gari na fimbo yake, bila mukono wangu.

Nilichojifunza: kabla ya kulinganisha gari na gari, angalia mulima wako, na angalia ni nani mwingine anatumia umeme uleule. Gari nzuri kwa muntu wa Goma inaweza kuzimia jirani zako taa.

Ila sidanganyi, bado sijatulia. Kila mupando ninachungulia asilimia.

Wenye kupita Mubi na Walikale: kuna aliyepitisha gari ya umeme kwa matope ya kule, ao mimi niache hata kuwaza kwenda nayo? Semeni, ninasoma yote.